Boksi la Kaki na Utepe Mweupe

Tandika, Temeke
Jumatano, baada ya Alasiri

Dada yangu Mwajabu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Twaha na wote hapo Madale, na kwamba goti limepunguza kukusumbua tangu uanze kulikanda kwa maji ya chumvi. Sie huku Tandika tunamshukuru Mungu. Mafua yalinishika wiki iliyopita yakaniachia sauti ya kiume, mpaka wateja wakawa wananipigia simu halafu wanauliza Najat yuko wapi. Leo nimeamka vizuri, na chai nimekunywa vikombe viwili.

Najua unashangaa. Utasema huyu Najat kachanganyikiwa, simu anayo, bando analo, juzi tu katuma picha ya maua ya asubuhi njema kwenye grupu la familia, leo ananiandikia barua kama watu wa zamani. Nilijaribu, dada. Nimekupigia mara nne tangu Jumapili, na kila ukipokea naishia kukuuliza kama maji yanatoka huko kwenu. Ujumbe wa sauti nao nimeurekodi nikaufuta, nikaurekodi nikaufuta, mpaka simu ikapata moto. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, na mie ukinikatiza nageuza maneno, unanijua.

Kwa hiyo nimeamua kumpa shemeji barua hii mkononi kesho akipita huku, na nitamwambia akukabidhi ukiwa umekaa. Nina ombi moja nalitanguliza kabla ya habari nyingine yoyote. Jumapili hii inayokuja, wale akina mama wa Kigamboni watakapofika kwako kukuuliza habari za Chausiku na binti yake Salma, usiwajibu neno kabla hujaisoma hii mpaka mwisho. Wewe ndiye mkubwa wetu, na utakalowaambia ndilo watakalorudi nalo kwa kijana wao Mudathir. Ukisema hapana, posa ya yule mtoto imekwisha. Basi soma kwanza.

Nianze na kazi. Meza yangu bado iko palepale, nje ya duka la vifaa vya shule la Ferdinand, yule Mhaya mwenye maneno mengi. Yeye anauza madaftari ndani, mie nje nafunga zawadi, na humwambia kila mteja kuwa bila yeye nisingejulikana. Namwachia. Mwezi huu una harusi nyingi. Watu wanaleta masufuria, chupa za chai, seti za glasi, mashuka, wamevitia kwenye mifuko, na wanataka waondoke na kitu cha kupokelewa kwa mikono miwili. Wengi wanaanza kwa kuomba karatasi za kung'aa zenye makopakopa na ua kubwa la plastiki juu yake. Nawaambia karatasi ile ikikwaruzwa kidogo tu inaonyesha aibu yote, halafu ukumbini zawadi zote zinafanana, hata bibi harusi hajui ipi ya nani. Nawaonyesha kaki, karatasi ileile ya kujalidia madaftari, na utepe mmoja wa kitambaa, na chini ya fundo nachomeka kijiti cha mrehani au asumini mbili tatu kama zipo. Wananikatalia. Nikiwafungia moja wakaiona, wanataka zote ziwe hivyo.

Kufunga nilijifunza kwa Mama, na wewe ni shahidi. Kila Januari alikuwa anatukalisha mkekani na madaftari mapya na karatasi za kaki. Wewe ulikuwa na haraka, pembe zako zilifumuka hata Februari haijafika, mwishowe Mama akakupa kazi ya kuandika majina kwa sababu una mwandiko mzuri. Mie nikabaki na pembe. Alitufundisha kwanza kupima, karatasi ikizunguka kitu ipandane kwa vidole viwili, isizidi. Ncha za ubavuni zisipite nusu ya kimo cha boksi, zikipita zinajaa na kufutuka kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Kila mkunjo uupitishie ukucha mpaka ulale. Selotepu ikae chini isikoonekana. Mambo ya utepe nilijiongezea mwenyewe baadaye, kwamba uanze kwa kuupitisha chini, ukutane juu, na ukitaka ncha zijiviringe uzivute taratibu kwenye mgongo wa mkasi. Hakuna siri nyingine. Watu wanadhani kuna siri.

Hayo ndiyo uliyoniita nije kuwafundisha wenzako wa kikundi Jumapili iliyopita, ili mfunge wenyewe zawadi za kichen pati ya binti wa jirani yenu Genoveva. Nilikuja nimefurahi. Sijawahi kuitwa mwalimu maishani mwangu, na pale barazani kwako wanawake tisa wameshika mikasi wananiita mwalimu, wengine wamemzidi hata Mama umri. Hata pembe zako safari hii zililala, nikakusifia, ukajifanya hujasikia.

Unakumbuka Jovina, yule nesi, ndiye aliyeanza. Alisema kazi ni nzuri ila kaki inamkumbusha bahasha za ofisini na maandazi ya gengeni, atapelekaje kitu kama hicho mbele za watu. Wenzake wakacheka. Wewe ukainuka, ukasema wasubiri, ukaingia ndani. Ukatoka umebeba boksi kwa mikono miwili, umelitandikia kitambaa cheupe chini yake. Ukaliweka katikati ya mkeka, ukawaambia waangalie wenyewe halafu waseme kama hayo ni maandazi.

Lilikuwa boksi langu, nililokupa siku mliyohamia nyumba hiyo. Kaki yake imekolea rangi kidogo, utepe mweupe haujasogea hata unywele. Ukawaeleza kuwa huu mwaka wa tatu na hujalifungua. Kila ukishika mkasi roho inakuuma kuliharibu, ulisema, na ndani kuwe na kikombe au saa ya mezani si neno, maana zawadi yenyewe ni hii inayoonekana. Shemeji alikuwa anapita kuelekea getini, naye akachangia kuwa hata yeye amekatazwa kuligusa, kwamba linakaa juu ya meza ya kioo chumbani na lina kitambaa chake cha kufutia vumbi kila Ijumaa.

Dada, mie nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka chini, nikajifanya naokota vipande vya karatasi. Wenzako walidhani naona haya kwa kusifiwa, Jovina akanipigapiga mgongoni. Sikuwa najua. Chumbani kwako sijawahi kuingia hata mara moja, chumba cha mtu na mumewe si pa kuchungulia, na futari zote nilizokula kwako tumekaa uani. Miaka mitatu nimeishi nikiamini boksi lile lilishafunguliwa.

Halafu ndipo Jovina akauliza tuko ndugu wangapi wenye mikono ya namna hii. Ulijibu tuko wawili tu. Ukaongeza kuwa yupo na mtoto wa mama mdogo, Chausiku, aliyekaa nyumbani kwetu kama dada yetu, lakini huyo humhesabu tena, kwa sababu aliiba bangili ya marehemu mama yetu. Ukawasimulia kuwa binti yake anaposwa, kwamba watu wa Kigamboni wamekupigia simu kwa heshima zote kuomba waje Jumapili wakuulize habari za ukoo, nawe utawaambia kama ilivyo, kuwa mama wa huyo binti ni mwizi na ni mwongo, wajue wanaoa wapi. Mmoja wa wale akina mama, simjui jina, alisema mtoto ana kosa gani. Ulisema afadhali wajue sasa kuliko wajue akishazaa. Watu wakarudi kwenye karatasi zao.

Mie nilikuomba kitu kimoja tu siku ile, labda umesahau. Kabla sijaondoka nilikuambia utepe wa lile boksi umechakaa, nipe niende nalo nikalibadilishie, nitakurudishia Alhamisi. Ulicheka, ukalikumbatia kifuani, ukasema hata mie mwenye mikono yangu siruhusiwi. Ukalirudisha chumbani. Hilo la utepe nitalirudia.

Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida na sikufanya lolote la maana. Nilikata karatasi fupi mara mbili kwa chupa moja ya chai, na mteja aliyeleta mashuka nilimfungia pembe moja juu nyingine chini, Ferdinand akatoka ndani kuja kuniuliza kama nimelala. Nilimjibu vibaya. Baada ya hapo nikamwomba radhi, akasema hakuna ishu, ila usoni nilimwona amenuna.

Jioni ile ile akaja Salma. Hujamwona tangu akiwa kidato cha pili, dada, sasa hivi ukikutana naye njiani hutamjua. Amerefuka, anaongea polepole, ameshika sura ya Mama kwenye paji la uso mpaka inatisha. Alinisalimia shikamoo mama mdogo, kama hakuna kilichowahi kutokea baina ya nyumba zetu. Alikuwa na kashata alizopika mwenyewe, vipande vingi, anataka vifungwe vifurushi vidogo vidogo ili wale wageni wa Kigamboni wakitoka kwako na kwenda kwa mama yake Mbagala, kila mmoja aondoke na kifurushi chake. Alisema anataka karatasi ya kawaida tu na utepe mwembamba. Nilimfungia. Vifurushi vinane.

Tukiwa tunafunga aliniambia anaogopa. Aliniambia Mudathir ni kijana wa watu, fundi wa majokofu, wamefahamiana mwaka na nusu, na shangazi zake ni wazuri ila ni wa kizamani, neno la mkubwa wa ukoo kwao ndilo la mwisho. Akaniuliza kama mama mkubwa Mwajabu bado ana hasira na mama yake. Akasema yeye hajawahi kuelezwa sawasawa ilikuwaje, akimuuliza mama yake anamwambia ni mambo ya watu wazima, apike. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kusema vile. Alinishika mkono akaubusu, akachukua kapu lake akaenda.

Sasa nifike huko ninakokwepa.

Siku ya arobaini ya Mama, pale nyumbani, tulipofungua sanduku lake mbele ya mashangazi, bangili haikuwemo. Ile nyembamba ya dhahabu, iliyopinda kidogo kwa pembeni, ambayo hatujawahi kumwona Mama bila kuivaa. Uliuliza. Chausiku, aliyemwogesha na kumlisha Mama miezi minne, alijibu palepale bila kusita. Alisema mkono wa Mama ulipovimba, aliivua kwa sabuni, na Mama alisema ni ya Mwajabu, mpeni Mwajabu. Akasema kwa kuwa yeye alikuwa na maji mikononi, alinikabidhi mie niliyekuwa nimekaa kitandani. Ukanigeukia ukaniuliza. Nikasema sijaiona.

Ukasimama, dada. Ulimwambia Chausiku kwamba kuiba ni kuiba, lakini kuiba halafu kumtupia mdogo wako aliye msibani, hilo hulisamehe, na asikanyage tena kwako wala kwa yeyote wetu. Mashangazi wakaitikia. Chausiku alinitazama, mie nikatazama mkeka. Alikunja kanga yake, akamwita Salma aliyekuwa uani na watoto wenzake, wakaondoka.

Chausiku hakusema uongo. Alinikabidhi. Bangili niliichukua mie.

Nimejiuliza sana kwa nini, na ningekuwa na sababu nzuri ningekupa. Sikuwa na shida nayo, sikutaka kuiuza wala kuivaa mbele za watu. Wewe ulikuwa Mwanza kwa kazi za shemeji, mie na Chausiku tulikesha na Mama kwa zamu, na neno lake la mwisho lenye akili timamu likawa jina lako. Niliona wivu. Basi. Nilitaka nikae nayo mpaka arobaini ipite, halafu nikupe. Uliponiuliza mbele za watu mdomo ukatangulia, na uliposimama kunitetea, kila neno ulilomwambia Chausiku lilizidi kunifungia njia ya kurudi. Ulikuwa unanitetea mie. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote, kwamba chuki yako kwa Chausiku ilitokana na kunipenda.

Ulipohamia Madale nikasema inatosha, nitarudisha. Ndani ya lile boksi, katikati ya pamba, imo bangili ya Mama. Imo na karatasi iliyokunjwa mara nne, nimeandika yote haya ninayokuandikia leo, na nikakuomba umwite Chausiku umrudishie jina lake. Mwisho wa karatasi niliandika kuwa kama umenisamehe usiniambie kitu, niite tu kwenye futari ya kwanza ya Ramadhani, nitaelewa.

Lile boksi nililifunga siku tatu. Kila mkunjo nilitia gundi, juu ya gundi selotepu, utepe nikaupiga mafundo mawili halafu nikauficha mwanzo wake. Nilikuwa naogopa lisije likafunguliwa mbele ya wageni, na nadhani, nikisema ukweli mtupu, nilikuwa naogopa lisije likafunguliwa kabisa. Nikalipendezesha ili usishuku. Sijawahi kufunga zawadi nzuri kama ile kabla wala baada yake, na ndiyo maana hukuifungua.

Ramadhani ikafika, ukanipigia simu, ukaniambia nije futari ya kwanza, na nije mapema nikusaidie kukatakata vitunguu. Nililia jikoni kwako siku ile, ukanipa kanga nijifute ukasema vitunguu vya siku hizi vina hasira. Nilijua umenisamehe. Nilirudi Tandika mwepesi, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata muda mrefu. Kumbe uliniita kwa sababu unaniitaga kila mwaka.

Hapo naweza kulilaumu boksi. Ila kuna jambo ambalo siwezi kumlaumu mtu wala kitu. Niliona hukumwita Chausiku. Mwaka wa kwanza nikajiambia dada ana njia zake, anatafuta siku nzuri. Mwaka wa pili nikajiambia ananifichia aibu mdogo wake, ndiyo maana anaendelea kumsema Chausiku mbele za watu, ili nisijulikane. Nilikusikia ukimwita mwizi, nikawa nanyamaza, nikiamini wewe unajua na mie najua. Nilikudhania hivyo, dada, kwamba unaweza kumsingizia mtu huku unajua ukweli. Na nilikubali, kwa sababu ilinifaa. Nisamehe na hilo, maana huenda ndilo baya zaidi.

Na ule utepe. Haukuwa umechakaa. Jumapili nilitaka uniachie boksi ili nikafike nalo nyumbani, nitoe bangili na ile karatasi, niweke saa ya mezani, nikurudishie. Nilishaichagua hata saa yenyewe, ipo dukani kwa Ferdinand. Kama ungenipa, barua hii nisingeiandika. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani nimeanza kusema kweli kwa wema wangu.

Jana nilikwenda Mbagala kwa Chausiku. Nilimkuta uani anakuna nazi. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikamweleza yote, tangu kitandani kwa Mama mpaka lile boksi mbele ya wenzako, na nikamwomba radhi. Hakuacha kukuna. Nilipomaliza akaniambia kwamba yeye sina haja ya kumwambia, alikuwepo. Bangili aliiweka mwenyewe kwenye kiganja changu, anakumbuka hata mkono upi. Alisema niende nikawaambie wale waliosikia. Halafu akaniuliza kama nitakula, nikasema nitakula, tukala.

Kwa hiyo Jumapili nakuja, na Chausiku amekubali tuje wote. Wageni wako wanafika saa nne, mie nitakuwa getini saa tatu. Usipotaka niingie nitakaa nje niwasubiri hapo hapo, na nimeshawapigia simu mashangazi wawili niliowapata, nikawaambia na wao waje. Watakapouliza habari za Chausiku, mie ndiye nitakayejibu. Nitawaambia bangili ilichukuliwa na Najat binti Nassibu, huyu wanayemwona, na kwamba Chausiku alisema kweli mbele ya ukoo mzima na hakusadikiwa. Wakisema ukoo huu una mwizi, ni kweli, ila hayuko Mbagala. Nadhani watu wazima wataliona hilo. Wasipoliona, angalau Salma atakataliwa kwa kosa la mtu aliyekuja mwenyewe kulikiri, na mama yake atakuwa amekaa akisikia.

Sikuombi unisamehe kwa barua, na safari hii sikupi alama ya kunionyesha. Ukiwa na hasira kuwa nayo, ukitaka kunitukana nitukane, mie nitakuwepo. Ila nakuomba ulifungue boksi kabla sijafika. Najua utalionea huruma. Usihangaike kutafuta pa kuanzia kwa sababu sikuacha pa kuanzia, chukua kisu cha jikoni ukate utepe, karatasi uichane. Bangili itakuingia, nilikuwa nakuangalia mkono Jumapili. Ivae, wageni wakija waikute mkononi mwako.

Nisalimie shemeji Twaha, mwambie ahsante kwa kubeba barua asiyoijua. Jovina na akina mama wote wa kikundi nao nawasalimia sana, waambie karatasi zilizobaki waziweke mahali pakavu, zikipata unyevu hazikunjiki. Huku Ferdinand naye anakusalimu, ameniona naandika tangu Alasiri na anadhani naandika kwa mchumba.

Mungu akuweke.

Mdogo wako wa tumbo moja,

Najat Nassibu